Jinsi ya kuchagua hoteli kwenye mwambao wa magharibi wa Ireland: mwongozo kamili

Wengi wanaopanga likizo kwenye mwambao wa magharibi wa Ireland huanzia mkiani. Wanafungua tovuti ya kuweka nafasi, wanaona picha ya jengo jeupe lenye bahari nyuma yake, wanalipa, halafu ndipo wanatazama kwenye ramani hoteli iko wapi. Hapo mtu anagundua kwamba majabali aliyoyafuata yako mwendo wa saa tatu kwa gari, au kwamba usiku wake wa Jumamosi kuna harusi ya watu mia mbili chini ya chumba chake.

Mwongozo huu unakwenda kinyume. Kijiji kwanza, kisha tarehe, kisha dirisha, na hoteli yenyewe mwisho.

Hatua ya 1: Chagua kipande cha pwani, si pwani nzima

Njia ya watalii inayofuata mwambao huu inaitwa Wild Atlantic Way. Ilizinduliwa mwaka 2014 na ina urefu wa kilomita 2,500 hivi, kutoka rasi ya Inishowen huko Donegal, kaskazini, hadi mji wa Kinsale katika kaunti ya Cork, kusini. Usijaribu kuimaliza. Barabara inazunguka kila hori na kila rasi, kwa hiyo kilomita 70 kutoka Galway hadi Doolin zinakula saa moja na nusu, na hapo hujakutana na kondoo waliosimama katikati ya njia kama waliolipia. Kwa wiki moja chukua vituo viwili, ulale siku tatu tatu. Anayehama hoteli kila siku analipia kazi ya kufunga na kufungua mabegi.

Kwa anayekuja mara ya kwanza, napendekeza kaunti ya Clare. Majabali ya Moher yanapanda hadi mita 214 juu ya bahari, na mgongoni mwake kuna Burren, nchi ya mawe ya chokaa isiyofanana na sehemu nyingine yoyote ya kisiwa hicho. Uwanja wa ndege wa Shannon uko karibu, saa moja na dakika chache. Vijiji vya kulala ni Doolin, Liscannor na Lahinch, na Ennistymon kama wewe si mtu wa kung'ang'ania bahari dirishani. Ennistymon iko ndani kidogo, kwenye mto wenye maporomoko, na mara nyingi nafasi hupatikana hapo Doolin ikiwa imejaa.

Doolin ndiyo inayowachanganya watu. Haina katikati moja. Kuna Fisher Street iliyo upande wa bahari, kuna Roadford iliyo ndani zaidi, na gati ya feri za visiwa vya Aran iko mbali na sehemu zote mbili. Tangazo likisema "katikati ya Doolin", uliza ni karibu na baa gani. O'Connor's iko Fisher Street; McGann's na McDermott's ziko Roadford. Ukija kwa ajili ya muziki wa kienyeji utatoka baa usiku na kurudi kwa miguu kwenye barabara nyembamba isiyo na njia ya waendao kwa miguu. Mwendo wa dakika kumi na tano mchana ni jambo dogo. Usiku wa mvua, gari likija nyuma yako, ni jambo jingine kabisa.

Kaunti ya Kerry ndiyo kituo cha pili. Watu hubuki Killarney kwa sababu hoteli ni tele na treni inafika, na Killarney ni pazuri kweli, ila kuna maziwa na milima, si bahari. Ukitaka bahari, lala Dingle, au Portmagee kama lengo lako ni Skellig Michael, mwamba wenye makao ya watawa wa kale ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1996. Boti za kwenda kule hufanya kazi majira ya joto tu, nafasi za kushuka kisiwani ni chache kwa siku, na safari hufutwa mara kwa mara bahari ikichafuka. Kwa hiyo lala siku mbili au tatu jirani na gati. Anayelala usiku mmoja anacheza bahati nasibu.

Sehemu nyingine nazipitia haraka. Connemara, kwa maana ya Clifden, Roundstone na Renvyle, ni ya wanaopenda milima na bahari kwa pamoja. Kaunti ya Mayo ina Westport, inayofikiwa kwa treni kutoka Dublin, na kisiwa cha Achill ambacho kina daraja; kati yake kuna njia ya baiskeli ya kilomita 42 iliyojengwa juu ya reli ya zamani. Hoteli ya Mulranny iliyojengwa kwa ajili ya abiria wa reli hiyo miaka ya 1890 bado inapokea wageni, ikitazama ghuba ya Clew. Donegal ina Slieve League, majabali ya mita 600 hivi, karibu mara tatu ya Moher, na msongamano mdogo zaidi. Cork Magharibi ni ya walaji: Kinsale imejijengea jina kwa mikahawa yake. Ningeambiwa nichague sehemu ya kupumzikia bila kusukumana na mabasi ya watalii, ningekwenda Mayo bila kufikiri mara mbili.

Hatua ya 2: Viza kabla ya malipo, na jihadhari na mpaka usioonekana

Ireland haimo Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Ireland yenyewe, na kuishi London kwa kibali hakumwondolei hitaji hilo. Maombi yanaanzia mtandaoni na yanaweza kuwasilishwa hadi miezi mitatu kabla ya safari. Idara ya uhamiaji yenyewe inashauri usinunue tiketi kabla ya jibu. Kwa hoteli maana yake ni moja: chukua bei inayoruhusu kughairi bila malipo, hata ikizidi ile nyingine kwa euro ishirini. Bei rahisi isiyorudishwa ni ya mtu aliye na viza mkononi.

Halafu kuna mtego wa kaskazini. Giant's Causeway, Portrush na Bushmills ziko Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Barabarani hakuna kizuizi wala mlinzi, lakini sheria inataka viza ya Uingereza, na pesa inayotumika kule ni pauni. Mbaya zaidi, njia ya kawaida ya kutoka Dublin kwenda Letterkenny, Donegal, inapita Ireland Kaskazini, kwa Omagh na Strabane, na basi hupita hukohuko. Mwenye viza ya Ireland peke yake azungukie Sligo. Kwa hiyo unapochagua hoteli Donegal, Bundoran au Rossnowlagh ni rahisi kufikika kuliko miji iliyo juu.

Hatua ya 3: Chagua usiku wako

Mwezi Juni jua linazama saa nne usiku na dakika kadhaa kwenye pwani hii, na mwanga hubaki baada ya hapo. Desemba linazama saa kumi na nusu jioni haijafika. Mtu anayekuja Desemba akilipia chumba cha kutazama bahari anapata saa chache za kuitazama. Isitoshe, hoteli ndogo na nyumba nyingi za wageni hufunga kati ya Novemba na Machi. Mei na Septemba ndiyo miezi ninayoipenda: mwanga upo, feri zinafanya kazi, na shule hazijafungwa, kwa hiyo bei haijapanda hadi kileleni.

Dhoruba ni za majira ya baridi hasa. Ile ya Januari 2025 iliyopewa jina la Éowyn ilileta upepo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa pale Mace Head, pwani ya Galway, na kukata umeme nchini kwa siku nyingi. Idara ya hali ya hewa, Met Éireann, hutoa tahadhari kwa rangi: manjano, rangi ya machungwa, nyekundu. Ukisafiri Oktoba hadi Machi, uliza hoteli kama ina jenereta, na kama itakuruhusu kusogeza tarehe ikiwa tahadhari nyekundu imetolewa.

Kabla hujaamua wiki, tazama kalenda ya mji. Mbio za farasi za Galway zinaangukia mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, na wiki hiyo chumba Galway ni ghali na adimu. Lisdoonvarna, jirani ya Doolin, ina tamasha lake la kutafutiana wachumba mwezi Septemba. Baa zote hujaa. Killorglin huko Kerry ina Puck Fair tarehe 10 hadi 12 Agosti. Ongeza Jumatatu za mapumziko: ya kwanza ya Mei, ya kwanza ya Juni, ya kwanza ya Agosti, na ya mwisho ya Oktoba. Wikendi zake nchi nzima hukimbilia pwani.

Sasa harusi. Hoteli za pwani ya Ireland zinaishi kwa harusi, na harusi ya huko inafanyika hapohapo hotelini: chakula, hotuba, bendi, kisha muziki wa diski hadi saa nane usiku. Baada ya hapo wageni waliolala hotelini wana haki ya kuendelea kuhudumiwa katika baa ya ndani, iliyofungwa kwa watu wa nje. Nyimbo zinahamia huko, wajomba wanaimba, na alfajiri kuna mtu anatafuta chumba chake kwa kujaribu milango yote. Ukumbi kwa kawaida uko chini, karibu na bustani inayotazama bahari, kwa hiyo vyumba vizuri vya bahari ndivyo vilivyo juu ya spika. Swali la kuuliza kwa barua pepe ni fupi: "Je, kuna harusi tarehe hizi, na chumba changu kiko upande gani wa ukumbi?" Mapokezi watakujibu kwa ukweli, maana hata wao hawataki kukuona saa tisa usiku ukiwa na pajama.

Hatua ya 4: Una gari au huna?

Huko wanaendesha upande wa kushoto, kama Kenya, Uganda na Tanzania, jambo linalotupunguzia taabu wanayopata Wamarekani. Leseni halali ya nyumbani inakubalika kwa mgeni hadi miezi 12. Magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. Ya otomatiki hulipiwa zaidi na huisha mapema. Kampuni nyingi hudai kadi ya mkopo yenye jina la dereva, na kadi ya kawaida ya benki huweza kukataliwa kaunta. Tangu Februari 2025 mwendo wa juu kwenye barabara ndogo za vijijini ni kilomita 60 kwa saa, ingawa kwa kona zile hutahitaji kukumbushwa.

Ukiwa na gari, kijiji chochote kinafaa, mradi hoteli ina maegesho yake. Dingle na Kinsale zina mitaa finyu, na tangazo likisema "maegesho ya jirani" jua utatafuta mwenyewe.

Bila gari orodha inapungua sana. Salthill, kitongoji cha bahari cha Galway, ina basi la mjini. Westport ina treni. Doolin, Lahinch na Majabali ya Moher zimeunganishwa na basi namba 350 la Bus Éireann linalotembea kati ya Galway na Ennis. Dingle inafikiwa kwa treni hadi Tralee kisha basi. Nje ya hapo utategemea teksi, na teksi vijijini ni mtu mmoja mwenye simu ambayo huenda ameizima.

Hatua ya 5: Aina ya malazi

Jina "hoteli" nchini Ireland linalindwa na sheria: jengo haliruhusiwi kujiita hoteli wala gesti bila kusajiliwa na mamlaka ya utalii, Fáilte Ireland. Nyota, moja hadi tano, zinapima huduma na vifaa. Hazipimi mandhari, wala unene wa kuta. Nyota tatu juu ya mchanga inaweza kukupa likizo bora kuliko nyota nne nyuma ya kituo cha mafuta.

Nyumba za kulala na kifungua kinywa, zile zinazoandikwa B&B, mara nyingi ni nyumba ya familia yenye vyumba vichache. Mwenye nyumba anakupikia mayai na kukuambia pwani ipi ina upepo leo. Kwa watu wawili wasiohitaji baa wala lifti, hapo ndipo pesa yako inapofanya kazi zaidi. Kwa mzee mwenye magoti mabovu, sivyo: ngazi ni nyembamba na vyumba viko juu.

Jambo jingine: tangu 2022 serikali imekodi hoteli nyingi, zikiwemo za miji ya utalii, kuwahifadhi wakimbizi, hasa kutoka Ukraine. Baadhi zimerudi kwenye biashara, nyingine hazijarudi. Ukisoma maoni ya wageni na ya karibuni kabisa yana miaka mitatu, piga simu kwanza.

Hatua ya 6: Chunguza dirisha

"Mandhari ya bahari" ni neno pana. Fungua picha za setilaiti, tafuta hoteli, na uangalie vitu vinne. Kwanza, kuna nini kati ya jengo na maji: barabara kuu, uwanja wa nyumba za kukokotwa na magari, ukuta? Pili, upande mrefu wa jengo unatazama wapi. Baadhi ya hoteli za zamani zimewekwa ubavu kwa bahari, na vyumba vya mwisho ndivyo vinavyoona kitu. Tatu, dira. Pwani ni ya magharibi lakini si kila dirisha: Salthill inatazama kusini kuvuka ghuba ya Galway, na hori nyingi zimejikunja. Anayetaka machweo ahakikishe kuna magharibi wazi. Nne, maji yenyewe.

Hili la nne mtu wa Unguja, Lamu au Tanga atalielewa upesi, maana pwani zetu nazo zina kupwa na kujaa kukubwa. Galway wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti ya maji inakaribia mita tano. Hoteli iliyo kwenye mdomo wa mto au ndani ya hori ina bahari asubuhi na uwanja wa tope na mwani mchana. Picha ya tangazo ilipigwa maji yakiwa yamejaa, hilo sina shaka nalo. Picha za setilaiti mara nyingi zimenasa maji yamekupwa, na ndiyo maana nazitumaini. Kwenye ufukwe ulio wazi, kama Inchydoney karibu na Clonakilty, maji kupwa yanakuongezea mchanga wa kutembelea. Ndani ya hori yanakuachia harufu.

Maneno ya kuomba unapoandika: chumba kinachotazama bahari moja kwa moja, si cha ubavu. Na pazia zito. Juni bila pazia zito utaamka saa kumi na moja alfajiri jua likiwa usoni.

Hatua ya 7: Soma bei vizuri

Tovuti za hoteli za Ireland zina mtindo wao. Utaona "kuanzia euro 95 pps". Herufi hizo tatu zinamaanisha bei ya kila mtu mmoja, wawili wakishiriki chumba. Chumba ni euro 190. Ukiwa peke yako hutalipa 95. Utaongezewa, wakati mwingine hadi karibu na bei nzima. Tovuti kubwa za kimataifa huonyesha bei ya chumba, kwa hiyo ukilinganisha bila kuangalia utadhani hoteli yenyewe inauza nusu bei.

Hoteli ya nyota tatu au nne majira ya joto mara nyingi huwa kati ya euro 150 na 300 kwa chumba cha wawili. Usiku wa Jumapili hadi Alhamisi hushuka, na ndizo siku zisizo na harusi nyingi. Kuna pia vifurushi vya usiku mbili na chakula cha jioni kimoja, vinavyouzwa na hoteli yenyewe. Nje ya msimu huwa na thamani nzuri. Ukipata bei mtandaoni, piga simu mapokezi na uulize kama wataifikia. Mara nyingi wanaongeza kifungua kinywa ili wasilipe kamisheni.

Hatua ya 8: Meza, watoto na vifaa

Kifungua kinywa cha Kiirishi ni sahani ya nguruwe: bekoni, soseji, na soseji za damu. Muislamu au asiyekula nguruwe aagize mayai na samoni ya moshi, au uji wa shayiri, na aombe mayai yapikwe kwenye kikaango kingine. Supu nzito ya samaki na maziwa inayosifiwa pwani nzima huwekwa bekoni na baadhi ya wapishi, na wengine huitia mvinyo, uliza. Nyama ya halali ni adimu vijijini, ingawa mji wa Ballyhaunis, Mayo, una kiwanda cha nyama ya halali na msikiti. Wengi wetu hupita na samaki tu, na samaki wa huko si wa kulalamikia.

Majiko ya baa za vijijini hufunga karibu saa tatu usiku. Ukitarajia kufika umechelewa, chagua hoteli yenye mgahawa wake na uwaambie mapema. Kwa wenye watoto: sheria inataka watoto watoke baa saa tatu usiku, au saa nne kati ya Mei na Septemba, na muziki Doolin mara nyingi huanza saa tatu na nusu. Tafuta hoteli au baa yenye kipindi cha mapema, la sivyo mmoja wenu atabaki chumbani na watoto.

Plagi ni zile za miguu mitatu ya bapa, kama za Kenya, Uganda na Tanzania. Anayetoka Bujumbura au Kinshasa abebe adapta. Uliza kuhusu lifti ikiwa kuna mzee, na kuhusu hita: nyumba nyingine huwasha kwa saa maalumu hata Mei, wakati nje ni nyuzi kumi na upepo unavuma.

Hatua ya 9: Andika kabla ya kulipa, kagua kabla ya kufungua begi

Barua pepe moja inatosha, yenye maswali matano: kuna harusi? chumba kinatazama wapi hasa? kifungua kinywa kimo? maegesho ni yenu? naweza kughairi hadi lini? Hifadhi jibu kwenye simu. Hoteli isiyojibu ndani ya siku tatu katikati ya wiki, mimi huiacha.

Vyumba hutolewa kuanzia saa tisa alasiri. Fika mapema kidogo kuliko wengine, acha begi mlangoni, washa taa, fungua dirisha. Sikiliza feni ya jiko, angalia kama bahari ipo ulipoahidiwa, gusa hita. Kama kuna kasoro, shuka mapokezi wakati huohuo na ile barua pepe yao. Saa tisa bado wana vyumba vitupu vya kukubadilishia. Saa moja jioni, basi la watalii likishashusha watu hamsini, hawana.